Manchester au Sheffield? Historia ya viwanda kwa mwenye Jumamosi moja tu

Kuna swali watu wetu walioko huku Uingereza wanaulizana sana, hasa wanafunzi, manesi waliopata off ya siku moja, na yule shangazi aliyekuja kumtembelea binti yake Leeds na amechoka kuzungushwa madukani. Yale mapinduzi ya viwanda tuliyokariri sekondari, mvuke, pamba, watoto kiwandani, mtu akitaka kuyaona kwa macho aende wapi? Jibu la haraka huwa Manchester, na sababu ni mpira tu hakuna nyingine. Sina ugomvi na Manchester, ila nimeona watu wanaenda kule wanapiga picha Old Trafford, wanakula biriani Rusholme, wanapanda basi kurudi na wanasema wameona historia. Wakati kama saa moja tu kwa treni kuna Sheffield, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina lililogongwa kwenye kisu au kijiko cha bibi. Basi ngoja niiweke miji miwili hii ubavu kwa ubavu, kila mtu achague kutokana na anachokitafuta.

Kwanza tofauti ya msingi, maana bila hii mengine hayaeleweki. Manchester ni pamba na Sheffield ni chuma, hilo liko wazi. Lisilosemwa sana ni kwamba kazi yenyewe ilipangwa tofauti kabisa. Pamba ilisokotwa kwenye majengo ya ghorofa nyingi, mamia ya watu chini ya tajiri mmoja, kengele ikilia wote wako ndani. Kiwanda kilipokufa mashine ziliuzwa chuma chakavu, likabaki ganda, na leo ukienda Ancoats kwenye Murrays' Mills, iliyoanza 1798, utakuta apatimenti za bei mbaya na vijana na laptop zao wanakunywa kahawa. Sheffield nako yalikuja kujengwa makarakana makubwa sana ya stili upande wa mashariki, bonde la mto Don, lakini visu, mikasi, misumeno na majembe vilitoka kwa mafundi wa kujitegemea, huyu anafua, yule ananoa, mwingine anatia mpini, kila mmoja na kichumba alichokodi kwenye ua wa watu wengi. Mafundi wa namna hiyo hawakuisha siku moja, waliendelea mmoja mmoja hadi enzi zetu, na vifaa vyao vikaingia makumbusho vikiwa bado na alama za vidole.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu: Manchester utaona pesa ilivyotembea na watu walivyogombana na serikali, Sheffield utaona kazi yenyewe ilivyofanywa na ilivyoua.

Manchester

Anzia Liverpool Road, pale Castlefield, kwenye Makumbusho ya Sayansi na Viwanda. Kuingia bure. Kabla hujaingia simama kwanza barabarani uangalie jengo la steshini, maana hii ndo steshini ya Manchester ya ile reli ya kwenda Liverpool, iliyofunguliwa 15 Septemba 1830, reli ya kwanza kuunganisha miji miwili mikubwa kwa treni za mvuke zenye ratiba na tiketi. Siku hiyohiyo ya ufunguzi mbunge William Huskisson aligongwa na injini inaitwa Rocket akafa, yaani sherehe ikageuka msiba kabla wageni hawajafika Manchester. Angalia milango: abiria wa daraja la kwanza walikuwa na chumba chao cha tiketi na wa daraja la pili na chao, wasikutane. Ng'ambo ya reli kuna ghala la 1830, ndo marobota ya pamba yalipokuwa yanapandishwa baada ya kutoka bandari ya Liverpool, na pamba hiyo kwa sehemu kubwa ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani. Hilo litarudi chini.

Ndani, ukibahatika kukuta maonyesho ya mashine za pamba, usiyakose hata kama mtoto analia njaa. Mtu wa makumbusho anawasha mtambo mmoja wa kufuma na hapo hapo mnaacha kusikilizana. Mmoja tu, sasa piga hesabu ukumbi wa mitambo mia kadhaa masaa yote ya kazi. Wafumaji wa Lancashire, mkoa uliokuwa na Manchester, walijifunza kuongea kwa midomo bila sauti, wakawa wanasomana midomo hadi mtaani. Kile kidude cha mbao kinachobeba uzi kupita kulia na kushoto kilikuwa na tundu dogo, uzi ukiisha mfumaji anavuta mpya kwa kunyonya na mdomo wake, kidude kimoja midomo ya watu wengi, kifua kikuu kinasambaa hivyohivyo. Na chini ya mashine za kusokota walitambaa watoto kuokota pamba iliyoanguka, mashine ikiwa inaendelea kwenda mbele na nyuma juu yao. Angalizo: makumbusho haya yamekuwa kwenye ukarabati wa miaka mingi na kuna sehemu huwa zimefungwa, angalia tovuti yao kabla hujakata tiketi ya treni, usije ukaniita mwongo.

Kutoka hapo tembea kwa miguu hadi Royal Exchange, lile lililokuwa soko la pamba, wafanyabiashara maelfu walisimama kwenye ukumbi mmoja wakinunua na kuuza nyuzi na vitambaa kwa mdomo. Siku hizi ni ukumbi wa maigizo, jukwaa limening'inizwa katikati kwenye zile nguzo kubwa kama chombo kilichotua kutoka sayari nyingine, lakini ukiinua macho juu utaona bado lile bao la bei, na bei zilizoko pale ni za siku ya mwisho ya soko, 1968. Mimi hapo ndo huwa naielewa Manchester kuliko kwenye mashine zote. Maana kwenye ukumbi kama huu ndo maamuzi yalifanywa yaliyofika hadi kwetu. Mwaka 1902 watu wa pamba wa hapa, wamechoka kutegemea pamba ya Marekani, walianzisha chama cha kuendeleza kilimo cha pamba kwenye makoloni ya Mwingereza, na miaka michache tu baadaye wakulima wa Buganda wanalima pamba na ile reli mpya ya Kisumu hadi Mombasa imepata mzigo wa kubeba. Mjomba wako aliyekuwa na shamba la pamba ana uhusiano na ukumbi huu, hata kama hajawahi kuusikia.

Sasa habari ya watumwa. Pale Lincoln Square kuna sanamu ya Abraham Lincoln, na wageni wengi wanapita wakijiuliza huyu Mmarekani anafanya nini hapa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani vilipoanza 1861 meli za Kaskazini ziliziba bandari za Kusini, pamba ikakatika, Lancashire viwanda vikasimama na mamia ya maelfu ya watu wakaishi kwa msaada. Wakati huohuo hata kile kitambaa cha merikani kilichozoeleka Unguja kiliadimika. Na bado tarehe 31 Desemba 1862 wafanyakazi wa Manchester walikutana Free Trade Hall wakaamua kumuunga mkono Lincoln dhidi ya utumwa, wakamwandikia, naye akawajibu Januari 1863, na maneno ya barua yake yamechongwa kwenye kitako cha sanamu. Sio Lancashire yote iliona hivyo, wapo waliotaka serikali ivunje kizuizi pamba ije, na matajiri wengi walikuwa wametajirika kwa pamba ya mtumwa bila kukosa usingizi. Ndo maana napenda watu waisome hiyo barua baada ya kuona ghala la 1830, sio kabla.

Peterloo iko hatua chache tu. Tarehe 16 Agosti 1819 watu kama 60,000 walikusanyika uwanja wa St Peter kudai uwakilishi bungeni, maana mji wote huu haukuwa na mbunge wake, na mahakimu wakaagiza askari wa farasi waingie na mapanga. Walikufa watu kama 18, mamia wakajeruhiwa, na wa kwanza kabisa alikuwa mtoto wa miaka miwili, William Fildes, aliyeangushwa kutoka mikononi mwa mama yake na askari aliyekuwa anakimbiza farasi kuwahi uwanjani. Mnara wa kumbukumbu ulikuja kuwekwa 2019, miaka 200 baadaye, ni ngazi za duara zenye majina ya waliokufa, na ukazua kelele kwasababu mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kupanda, yaani mnara wa usawa usiopandika na wote. Habari kamili iko People's History Museum, hapo napo bure, wana bendera kubwa kubwa za vyama vya wafanyakazi zilizochorwa kwa mkono. Makumbusho mazuri sana ila yamesafishwa kidogo, mfanyakazi wa pale mara nyingi ni shujaa tu. Sheffield itakupa upande mwingine.

Na kwa sisi kuna sababu moja ya kwenda Manchester ambayo Sheffield haina jibu nayo. Nenda All Saints, Cavendish Street, penye sura ya mbele ya lililokuwa jengo la halmashauri ya Chorlton-on-Medlock, siku hizi ni mali ya chuo kikuu cha Manchester Metropolitan. Hapa Oktoba 1945 ulifanyika mkutano wa tano wa Pan-Afrika. Jomo Kenyatta alikuwepo. Kwame Nkrumah alikuwepo, Hastings Banda, George Padmore, Amy Ashwood Garvey, na mzee Du Bois mwenyewe, yule msomi Mmarekani mweusi, akiwa na miaka 77. Mikutano iliyotangulia ilikuwa zaidi ya wasomi kuomba kwa adabu, huu ulikuwa na watu wa vyama vya wafanyakazi na ukadai uhuru waziwazi, mwaka uliofuata Kenyatta akarudi Kenya na mengine mnayajua. Kwanini Manchester na sio London? Kwasababu shirikisho la Pan-Afrika lilikuwa na makao hapa, na Ras Makonnen, mzaliwa wa Guyana, alikuwa na migahawa hapa Manchester iliyosaidia kulipia shughuli na kulisha wajumbe. Lakini niwe mkweli, cha kuona ni kibao ukutani tu. Dakika 5 umemaliza. Mtu asiyejua habari yake atapita bila kugeuka, kwahiyo soma kwanza ukiwa kwenye treni.

Mengine ya Manchester nayapitia haraka. Chetham's Library ya 1653 ina meza ile ambayo Marx na Engels, wale wanafikra wa ukomunisti, walikaa wakisoma 1845, unaingia kwa ziara ya kulipia. John Rylands Library ni bure na inapendeza mno, ilijengwa na Enriqueta Rylands, mjane wa tajiri wa pamba, ikafunguliwa 1900. Sanamu ya Emmeline Pankhurst, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, iko St Peter's Square tangu 2018. Na kama unataka kiwanda cha pamba kizima kizima chenye gurudumu la maji na nyumba walimolala watoto, hakiko mjini, kiko Styal karibu na uwanja wa ndege, kinaitwa Quarry Bank, cha 1784, na hapo unalipa na bei yake sio ya mchezo kwa familia. Mwenye kiwanda alikuwa Samuel Greg, na familia ya Greg ilikuwa pia na mashamba ya watumwa visiwa vya Karibi. Nadhani kwa mtu mwenye gari Quarry Bank inaipa Manchester kile inachokosa.

Sheffield

Sheffield hakuna barabara moja ya fahari yenye kila kitu. Mji umetawanyika kwenye vilima, utapanda na kushuka hadi magoti yalalamike. Lakini hivyo vilima ndo sababu ya mji kuwepo: mito mitano, Don, Sheaf, Rivelin, Loxley na Porter, inashuka kwa kasi ikizungusha magurudumu ya maji, milima ya karibu inatoa mawe ya kunolea, na makaa ya mawe yako chini ya miguu. Chama cha watengeneza visu kilipata sheria yake 1624 na bado kipo, ukumbi wake wa 1832 unatazamana na kanisa kuu.

Anzia Kelham Island. Unalipa, watoto hawalipi. Mlangoni unapokelewa na chombo cha Bessemer, lile lidude la chuma lenye umbo la yai lililofunguka juu, walilokuwa wanamimina chuma kilichoyeyuka kisha wanapuliza hewa kutokea chini, uchafu unaungua wenyewe na moto unaruka juu, nusu saa umepata stili kwa tani. Hiki kilichopo kilifanya kazi Workington hadi 1974. Ndani ndo kuna mfalme wa pale, injini ya River Don. Ilitengenezwa hapahapa Sheffield na Davy Brothers 1905, nguvu ya farasi 12,000, kazi yake kuzungusha rola za kubana mabamba mazito ya chuma ya kuvika meli za kivita. Bamba likiwa jekundu inabidi lipite kwenye rola kwenda, kurudi, kwenda, kurudi, kabla halijapoa, kwahiyo injini imeundwa iweze kugeuza mwelekeo kutoka kasi ya mbele hadi ya nyuma kwa kama sekunde 2. Mashine ya ghorofa tatu! Wanaiwasha kwa mvuke kwa saa maalum baadhi ya siku. Inaanza taratibu kama inajinyoosha, harufu ya mafuta na mvuke inakujia, alafu yule fundi anavuta mkono wa chuma, zile fimbo nene kuliko mwili wa mtu zinasimama na kurudi nyuma, sakafu inatetemeka na watoto wote wanapiga kelele kwa pamoja. Watu wazima pia, tusidanganyane. Manchester sijaona kitu cha kufanana na hicho.

Lakini pahala pangu hasa ni Abbeydale Industrial Hamlet, kusini kidogo mwa mji, kando ya mto Sheaf, basi linapita mlangoni. Ni ua mmoja wenye bwawa, magurudumu ya maji, nyundo za kufulia, chumba cha kunolea, nyumba ya meneja, nyumba za wafanyakazi, na tanuru la stili, yote yamekaa pale yalipokuwa. Walitengeneza nyengo ndefu za kukatia nyasi na ngano, pamoja na zana nyingine za shamba, kazi ikasimama 1933, ikawa makumbusho 1970. Lile tanuru la vyungu wanasema ndo la mwisho duniani lililobaki kamili.

Nieleze tanuru maana hapa ndo siri ya Sheffield. Zamani stili ilitoka na ubora wa kubahatisha, kipande hiki kigumu kile laini. Kwenye miaka ya 1740 Benjamin Huntsman, mtengeneza saa, akichoshwa na springi mbovu, akabuni kuiyeyusha kabisa ndani ya chungu cha udongo kilichofungwa. Vyungu vilitengenezwa papo hapo, fundi anakanyaga udongo kwa miguu mitupu masaa, kwasababu kiputo kimoja cha hewa kikibaki ndani chungu kinapasuka motoni na kazi yote imepotea. Chungu kinashushwa kwenye shimo la moto wa makaa, masaa matatu manne, joto karibu digrii 1,600. Kisha anakuja mtu wa kuvuta. Anajifunga magunia yaliyoloweshwa maji miguuni na kiunoni, anasimama juu ya lile shimo miguu ikiwa huku na huku, anachomoa chungu kwa koleo refu. Gunia likikauka linaanza kuungua. Mwenzake anamimina kwenye kalibu bila kutetereka maana mkondo ukigusa ukuta wa kalibu stili imeharibika. Ukisimama kwenye kile chumba, unaona mashimo yamepangwa sakafuni, mdogo kuliko ulivyodhani, na chini yake handaki alikofanya kazi kijana wa kuangalia majivu. Hakuna skrini hakuna sauti za kurekodi, unaachiwa mwenyewe ufikirie.

Nyengo zenyewe zilifuliwa kwa kubana kipande cha stili katikati ya vipande viwili vya chuma laini, makali yawe ya stili na mgongo uwe wa chuma usiokatika ovyo. Stili ilikuwa ghali, ulikuwa unatumia kidogo pale tu inapohitajika.

Chumba cha kunolea ndo kinanyamazisha watu. Mnoaji alikaa amepanda kigogo kama tandiko, kifua mbele ya jiwe linalozunguka, vumbi la jiwe na chuma likiingia mapafuni. Wa kunoa kwa maji walikuwa na nafuu kidogo, ila wanoaji wa uma walinoa kavu, na madaktari wa Sheffield karne ya 19 waliandika kwamba wengi wao hawafiki miaka 40. Mawe nayo yaliweza kupasuka yakizunguka. Kulikuwa na feni za kufyonza vumbi zilizobuniwa mapema tu, na baadhi ya wanoaji walizikataa, wakihofia kwamba watu wakiishi sana kazi itakuwa na wengi na malipo yatashuka. Soma tena hiyo sentensi. Kama Abbeydale ni mbali, Shepherd Wheel, karakana nyingine ya kunolea, iko bustanini kwenye mto Porter, bure, gurudumu la futi 18 bado linazunguka siku za kufunguliwa na mawe yamepangana ndani, habari za kinu hapo zinaanza 1584.

Na hapa ndo nilisema Sheffield itakupa upande mwingine wa wafanyakazi. Vyama vya wanoaji vilikuwa vikali. Asiyelipa ada alikuta usiku mkanda wa jiwe lake umeibwa, hawezi kufanya kazi hadi alipe. Akizidi kuwa mbishi, baruti. Abbeydale yenyewe chumba cha kunolea kililipuliwa 1842 kwasababu mwenye mali aliajiri wasio wanachama. Mwaka 1866 nyumba ya mnoaji wa misumeno ikalipuliwa mjini, serikali ikaunda tume 1867, na katibu wa chama William Broadhead, baada ya kuahidiwa kutoshtakiwa, akakiri mbele ya watu kwamba ndiye aliyekuwa analipa watu kufanya hayo, mpaka mauaji. Cha ajabu, aibu ile ilisaidia kusukuma mjadala uliozaa sheria ya 1871 iliyovipa vyama vya wafanyakazi uhalali. Historia chafu, na mi naiamini zaidi kuliko ile ya bendera nzuri.

Kuhusu utumwa Sheffield haina sanamu ya Lincoln, lakini ina kitu ambacho kwangu kina uzito wake. Manchester 1788 ilipeleka bungeni saini zaidi ya 10,000 dhidi ya biashara ya watumwa, hongera yao. Mwaka uliofuata mafundi 769 wa visu wa Sheffield wakapeleka ombi lao, na humo wakaeleza wazi kwamba bidhaa zao zinapelekwa pwani ya Afrika kununulia watu, kwamba biashara hiyo ikifa wao wataumia mfukoni, na bado wanataka ife. Tatizo ni kwamba mjini hakuna pa kusimama ukaliona hilo, ni habari ya kusoma.

Stenlesi, yaani stili isiyoshika kutu: 1913 Harry Brearley, mzaliwa wa Sheffield aliyeanza kazi karakanani akiwa mdogo, alikuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyolika upesi, akagundua sampuli zenye kromiamu nyingi hazishikwi na asidi. Wakubwa zake hawakuona maana, yeye akawaza visu. Visu vya kwanza vya kuuza vilitengenezwa Portland Works, na jengo hilo lipo, wananchi walichangishana wakalinunua 2013 lisigeuzwe makazi, ndani mafundi wanafanya kazi hadi leo. Sio makumbusho, usiingie tu kama sokoni, subiri siku wanazokaribisha wageni.

Pale Barker's Pool kuna sanamu ya wanawake wawili wa kiwandani wameshikana mikono, ya 2016, kumbukumbu ya walioingia kwenye makarakana ya stili vita vya dunia vyote viwili na kuambiwa rudini nyumbani vilipoisha. Naipenda kuliko ya Pankhurst, kila mtu na roho yake. Na baada ya vita moto ule ulilishwa pia na Wajamaika, Wapakistani, Wasomali na Wayemeni waliopitia Aden, ndugu wa hawa Washihiri wetu wa Mombasa na Unguja, ukipita Burngreave au Attercliffe utasikia Kiarabu na Kisomali na utapata chai ya maziwa ya maana.

Sasa uchague

Una watoto wa chini ya miaka 12? Sheffield, wala usifikirie mara mbili, ila hakikisha ni siku na saa injini inawashwa. Una mzee mwenye magoti mabovu au ni Februari na mvua haikatiki? Manchester, kila kitu kimekaa karibu, tramu zipo, na makumbusho yake makubwa ni bure, jambo ambalo familia ya watu watano inalihisi mfukoni.

Umekuja kwa ajili ya mpira? Hapa nawashangaza. Man United ilianza 1878 kama timu ya wafanyakazi wa reli, Newton Heath, na Makumbusho ya Taifa ya Mpira yako Manchester, sawa. Lakini klabu kongwe duniani ni Sheffield FC ya 1857, kona ilitoka kwenye sheria za Sheffield, na mechi ya kwanza kuchezwa usiku chini ya taa za umeme ilikuwa uwanja wa Bramall Lane, Sheffield, Oktoba 1878. Hata Sheffield Wednesday jina lao limetoka na nusu siku ya mapumziko ya mafundi, Jumatano. Anayejua mpira kweli atashuka Sheffield, anayetaka jezi aende Manchester.

Unasoma siasa, historia ya Afrika, unataka kusimama alipopita Kenyatta? Manchester, na unganisha All Saints, Lincoln, ghala la 1830 na Peterloo kwa mguu, siku moja inatosha. Kwa mwingine yeyote mwenye Jumamosi moja mimi namwambia Sheffield: asubuhi Kelham, mchana Abbeydale, usijaribu kuongeza cha tatu.

Ukiwa na siku mbili lala popote palipo nafuu na uvuke kwa treni ya Hope Valley, kaa upande wa dirisha. Karibu na Edale utaona kilima kirefu kisicho na miti, Kinder Scout. Ardhi ile ilikuwa ya matajiri wa kuwinda ndege, na 24 Aprili 1932 vijana wa viwandani, wengi kutoka Manchester, na kundi la Sheffield likitokea upande wa Edale, walipanda kwa makusudi wakijua wanavunja amri, watano wakafungwa. Anayetaka anaweza kushuka kituoni akapanda mwenyewe, njia ziko wazi siku hizi, avae viatu vya tope na koti la mvua hata kama asubuhi jua linawaka.